Nikicheka Naanguka

Ninaandika haya nimesimama, karatasi nimeziegemeza juu ya majora ya vitenge kwenye kaunta ya duka la baba. Nikikaa nitalala. Nikisimama napata muda kidogo kabla usingizi haujanikuta, kwa hiyo ukiona naruka kutoka jambo moja kwenda jingine, nivumilie tu. Mimi hata zamani sikuwa mtu wa kutulia.

Naitwa Siwema. Nina miaka ishirini, nasoma chuo, na jioni namsaidia baba hapa Kariakoo. Nawaandikia wazazi wenye mtoto anayesinzia darasani, lakini zaidi namwandikia huyo mtoto mwenyewe, ambaye pengine saa hizi kapigishwa magoti mbele ya ubao, anaulizwa usiku huwa anafanya nini, na hana jibu. Mimi pia sikuwa na jibu. Niliulizwa mpaka nikaanza kujiuliza kama kweli kuna kitu nakifanya usiku bila kujijua.

Ilianza masika, nikiwa kidato cha tatu. Siku yenyewe siikumbuki. Nakumbuka daftari la Jiografia: mstari unaanza vizuri, herufi zimesimama wima, halafu zinaanza kulala, zinateremka, mwisho ni mikwaruzo tu kama kuku kachakura. Neema, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, alikuwa ananifinya paja. Ananifinya, nafumbua macho, namwambia niko macho, nalala tena kabla hajaondoa vidole. Mama aliona alama akaniuliza nani ananipiga.

Nilikuwa mwanafunzi wa kutajwa mstarini, wale wanaopigiwa makofi Jumatatu asubuhi. Na nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nifanye mtihani wa kidato cha nne na wenzangu, nifaulu, nivuke. Kwetu hakuna msichana aliyewahi kuvuka kidato cha nne. Baba alishautangazia mtaa mzima kwamba mimi nitavuka, na ukishatangaza kitu Kariakoo huwezi kukirudisha.

Kwanza lawama zilienda kwa simu. Baba aliichukua akaifungia kwenye droo ya duka. Nikalala vilevile. Wakasema damu imepungua. Nikanywa rozela, nikanywa maji ya majani ya maboga, nikala maini mpaka leo nikisikia harufu yake barazani kwa mtu nabadilisha njia. Nikalala vilevile. Tukaanza kuzunguka zahanati. Kila zahanati tuliyoingia ilikuwa na magonjwa matatu tu ya kugawa, malaria, taifodi na UTI, na mimi nilipewa yote kwa zamu. Mabenchi yale nayajua. Yapo ya mbao yanayotafuna mapaja, yapo ya chuma yenye baridi, na kwenye yote nimelala, kichwa kwenye bega la mama, mdomo wazi, watu wanatazama. Wanawake walikuwa wanaanzia usoni, wanashuka kwenye tumbo, halafu wanamtazama mama kwa huruma. Mama alikuwa anavuta ushungi wake mbele kidogo na kutazama ukutani.

Shuleni nako waliwaza hilohilo. Msichana analala darasani, ananenepa, maana kweli nilikuwa nanenepa bila kula kupita kiasi, sketi ya shule ikawa haifungi. Matroni akaniita, akanipa kikopo, akanisindikiza mpaka mlango wa choo. Hakuna kitu. Baada ya muda akaniita tena. Hakuna kitu. Nilikuwa nakitoa kile kikopo kwa hasira, na sikusema neno, kwa sababu mtu asiyeweza kukaa macho kwenye kipindi cha Hesabu nani atamsikiliza?

Lakini kilichoniuma si kikopo cha matroni. Siku moja mama alinichukua, akasema tunaenda kununua zipu, tukaingia maabara ndogo mtaa wa nyuma. Nikaelewa tulipofika mlangoni. Alikaa akanipa kisogo muda wote. Majibu yalipotoka alishusha pumzi mpaka mhudumu akasikia. Njiani aliniuliza kama nataka juisi ya miwa, nikasema sitaki, akaninunulia, nikaishika mpaka nyumbani bila kuinywa. Tulikuwa hatujawahi kugombana mimi na mama, na hata siku ile hatukugombana, lakini kuanzia hapo alikuwa akinigusa bega nasogea.

Usiku wenyewe nao haukuwa usingizi. Nalala, nashtuka, malori yanashusha mizigo nje, vijana wanaitana, nalala, nashtuka. Au naamka macho tu, mwili hautaki, kuna kitu kimekaa kifuani. Bibi alisema ni jinamizi, akaniwekea msahafu karibu na mto. Asubuhi nilikuwa naamka nimechoka kama mtu aliyebeba magunia, na baba ananiambia, “Mama, si umelala tangu magharibi?”

Sasa nimtaje Mzee Maganga, maana bila yeye hadithi hii haiendi.

Mzee Maganga anauza makufuli na kuchonga funguo, kibanda chake kimepakana na duka letu. Ni Mnyamwezi wa Tabora, na sisi ni Wazaramo, kwa hiyo ni mtani wetu. Kila asubuhi, kabla hata hawajafungua, yeye na baba walikuwa wanarushiana maneno ambayo mgeni akisikia ataita polisi. Baba anamuuliza mzigo wake leo kauweka wapi, maana Mnyamwezi bila mzigo kichwani ni mgonjwa. Yeye anamwambia baba Mzaramo akipata fedha ya unga anaipeleka kwenye ngoma ya mdundiko. Mimi nikimpa shikamoo alikuwa haitikii mpaka nimwongezee “mume wangu”. Nimekua nikicheka kwenye ule uchochoro. Na ndipo nilipoanza kuona mambo madogo: nikicheka sana, kikombe kinaniponyoka. Nikicheka sana, kidevu kinashuka chenyewe, maneno yanakuwa ya mlevi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeshachunguzwa vya kutosha.

Bibi alifariki wakati wa vuli. Msiba ulikuwa nyumbani kwetu, ile nyumba ya chini ya urithi iliyobanwa na maghorofa pande zote. Wanaume wako nje chini ya turubai, wanawake tumejaa uani kwenye mikeka. Nililia siku nzima mpaka kichwa kikauma. Alasiri, baada ya mazishi, Mzee Maganga akaingia uani. Kajifunga kanga ya bibi, kashika kipepeo cha bibi, anatembea kwa nyonga kama yeye, akaanza kumgombeza mama kuhusu chai, kwa sauti ileile na kupandisha nyusi kulekule. Kisha akakaa katikati ya mkeka, akatangaza kwamba marehemu alikuwa mkewe wa siri, kwa hiyo yeye ndiye mjane, na kuanzia leo anakaa eda uani kwetu, tumletee uji asubuhi na wali jioni, na asionekane mwanamume wa Kizaramo mbele yake.

Uani kote kulilipuka. Wanawake waliokuwa wanalia walishika mbavu. Mimi nilicheka kicheko kilichotoka chini kabisa, na nikiwa nacheka magoti yakaondoka. Sikuyumba wala sikusikia kizunguzungu. Shingo ililegea, mikono ikalegea, nikashuka kwenye mkeka kama kanga iliyodondoka kwenye kamba.

Nataka mwenye ugonjwa huu asome hapa polepole. Sikuzimia. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilisikia mtu anasema leteni maji, nilisikia Shangazi Tatu, dada yake baba, anasema maskini, alimpenda mno bibi yake, huzuni imemwangusha. Nilitaka kusema hapana. Ulimi ulikuwa mzito, kope haziinuki. Kisha nguvu zikarudi zenyewe, nikakaa, na wote wakanikumbatia, wakanipa pole, na mimi nikapokea.

Shangazi akawaza zaidi. Bibi ujanani alikuwa na pepo, alikuwa anachezewa ngoma. Sasa kaondoka, pepo anatafuta pa kukaa, na mjukuu kipenzi kaanguka siku ya mazishi. Kwake hesabu ilikuwa imekamilika. Akanivusha Magogoni kwenda Kigamboni kwa shehe mmoja wa kisomo. Nililala kwenye pantoni nikiwa nimesimama, nimeshika chuma. Na kwenye kisomo pia, dakika chache tu baada ya kuanza, nililala fofofo, usingizi mtamu kuliko wote wa mwaka ule. Shangazi akafurahi, akasema pepo katulia. Yule shehe, Mungu ambariki, alinitazama muda mrefu akamwambia shangazi anirudishe pia hospitali, maana kisomo hakimzuii mtu kupima. Shangazi alikumbuka nusu ya kwanza tu ya ziara ile.

Na wakati wote huo Mzee Maganga alikuwa anajigamba. Kila asubuhi, kwa sauti, mpaka wapita njia wanasikia: “Wazaramo hawana magoti. Mimi nilimwangusha mmoja kwa kicheko tu, msibani, sikumgusa hata kidole.” Baba anamjibu kwa mambo ya mizigo. Wateja wanacheka. Miezi kadhaa ukweli ulikuwa unapigwa kelele mlangoni kwetu, na hakuna aliyeusikia, kwa sababu umesemwa na mtani, na maneno ya mtani hatuyaweki moyoni. Hata yeye mwenyewe hakuwa anayaamini. Angejua, asingethubutu kuyatamka.

Kipupwe kilipoingia nilikuwa kidato cha nne. Neema alinichekesha kwenye ngazi za shule. Nikaanguka vipandio kadhaa, kidevu kikapasuka, nikashonwa. Sasa neno likawa kifafa. Hospitali moja wakanipa vidonge vya kifafa, na vile vidonge vikanichimbia shimo jipya: nilikuwa nalala na sahani ya chakula mbele yangu. Mwalimu mkuu akamwita baba. Alisema kwa upole, lakini alichosema kilikuwa wazi: kama hali ni hii nikae nyumbani, mtihani wa mwisho nitaufanya mwaka mwingine nikipona. Hawezi kuniruhusu niangukie chumba cha mtihani, niwavuruge wenzangu.

Baba alirudi dukani. Alikunja vitenge, akavikunjua, akavikunja tena. Mimi nilikuwa natembea tu, kutoka mlangoni mpaka nyuma ya duka, kutoka nyuma mpaka mlangoni, nikihesabu mwaka mwingine: kurudi darasani na wadogo zangu, nikiwa nalala vilevile. Ningepona kitu gani, na hakuna anayejua naumwa nini? Nilijua nikishakaa nyumbani sirudi tena. Nimewaona wengi waliokaa nyumbani kidogo.

Baba akauliza huku na huku mpaka tukapata rufaa ya kumwona daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali kubwa. Tulisubiri kwenye korido ndefu. Kulikuwa na feni moja inayopuliza upande mmoja tu, na kila mtu alikuwa anasogeza kiti kuifuata. Baba alikaa kushoto, mama kulia, wamenibana katikati nisianguke, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikakubali bega la mama. Sikukubali kwa moyo, nilikubali kwa usingizi. Lakini nilipoamka alikuwa bado hajausogeza mkono wake, na ulikuwa umekufa ganzi.

Daktari alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye mafua, anayeuliza haraka haraka. Alitaka kujua kila nilipoanguka nilikuwa nafanya nini. Baba akajibu: msibani, kwa huzuni. Kwenye ngazi, bahati mbaya. Daktari akamuuliza huzuni ile ilikuwaje. Baba alikuwa amechoka, akasema kwa ukali kidogo, “Daktari, mimi nitajuaje? Ukimuuliza jirani yangu Mnyamwezi atakwambia kamwangusha yeye kwa kicheko. Kila siku ndiyo kazi yake kujigamba.”

Daktari akaweka kalamu chini. Akanigeukia mimi. “Ulikuwa unacheka?”

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaniuliza kuhusu vikombe, kidevu, na kama nikianguka nasikia watu. Nilimjibu huku machozi yananitoka, kwa sababu ilikuwa kama ananisomea mambo yangu mwenyewe. Akamwambia baba angependa kuona kwa macho yake. Je, baba anaweza kunichekesha? Masikini baba yangu. Alijaribu. Alisimulia habari ya mteja mmoja na fundi cherehani, ikawa ndefu, haikuwa na mwisho. Daktari akasema, basi siku ya kurudi mleteni huyo jirani.

Mzee Maganga alikuja kavaa suti. Suti ya kahawia, na viatu vimepigwa rangi. Alikaa mbele ya daktari mikono magotini kama aliyeitwa polisi, na alipoambiwa anichekeshe, akakauka. Akakohoa. Akasema, “Huyu mtoto ni mzuri, anasoma.” Mtani hachekeshi kwa kutumwa. Tulitazamana wote mle ndani, mimi nimeshikilia meza, naombea nianguke, jambo ambalo sikuwahi kuliombea maishani.

Daktari akakata tamaa, akaanza kumweleza baba kwamba anadhani ni ugonjwa wa usingizi, ila siyo malale. Mzee Maganga akainua kichwa.

“Ngoja kidogo, daktari,” akasema. “Ugonjwa wa usingizi unaletwa na mbung’o. Mbung’o wako kwetu Tabora, ni mali yetu, tumewalea wenyewe. Huyu Mzaramo wa Kariakoo kawaiba lini?”

Nikaenda chini. Mama alinidaka nusu. Nikiwa pale sakafuni nilimsikia daktari anaita jina langu taratibu, ananishika goti na kuligongagonga kwa kinyundo chake, anawaambia wazazi wangu tazameni, yuko macho, anatusikia, subirini. Na nilisikia kitu kingine, sikukitambua mara moja. Mzee Maganga alikuwa analia.

Nikaambiwa naumwa narkolepsia. Neno hilo nimelitaja ili ukalitafute. Ugonjwa wenyewe hauui, hauambukizi, na siyo uvivu. Ni usingizi unaokosa mpaka, unaingia mchana bila hodi na usiku hautulii, na kwa wengine kama mimi kicheko au furaha inaulegeza mwili. Huanza sana kwenye umri wa sekondari, umri uleule ambao kila mtu yuko tayari kukuita mvivu, mtundu au mjamzito. Ya kitaalamu muulize daktari. Mimi najua ya mwilini: vidonge vya kifafa viliachishwa kidogo kidogo, vikaja vingine viwili, mdomo ukawa mkavu kama niliyetafuna unga, moyo ukawa unaenda mbio asubuhi, vidole vinatetemeka. Na niliamriwa kulala. Nililala mchana kwa ratiba, kidogo tu, adhuhuri na alasiri, kama dawa. Baada ya wiki chache niliandika ukurasa mzima wa daftari na mistari ikabaki imenyooka. Nilimwonyesha Neema, akaubusu ule ukurasa.

Daktari alimwandikia mwalimu mkuu, na baba akaenda mwenyewe, na mama akaenda. Mama ambaye hajawahi kuongea mbele ya mwalimu. Nasikia aliuliza kama mtoto mwenye miwani naye hukatazwa mtihani. Tukakubaliana: nifanye mtihani na wenzangu, nilale kidogo ofisi ya matroni kabla ya kila karatasi, nikae pembeni ukutani, na msimamizi aelezwe. Lakini mwalimu mkuu aliweka sharti lake. Kama nitaanguka shuleni tena kabla ya mtihani, atafikiria upya.

Hapo ndipo nyumba yetu ikafa. Kila mtu aliogopa kunichekesha. Baba alizima televisheni ikianza vichekesho. Shangazi Tatu akija alikuwa anasalimia kwa minong’ono kama kuna maiti ndani. Dukani ilikuwa mbaya zaidi. Nampa Mzee Maganga shikamoo, ananijibu, “Marahaba, mwanangu,” kwa adabu, macho chini, anaendelea kuchonga ufunguo. Na baba hamchokozi tena. Wanafungua maduka kimya kimya kama watu wasiojuana. Wapita njia walidhani wamegombana.

Mimi mwenyewe nilijifunza kutocheka. Inawezekana. Unauma ndani ya shavu, unafikiria kifo. Nilikuwa na shavu lenye kidonda. Na nawaambia bila kuficha, wakati ule nilikuwa na huzuni kuliko wakati wote niliokuwa naanguka. Nilikuwa macho sasa, kweli, lakini macho ya kutazama nini?

Jioni moja nikavunjika. Tunakula, kimya, vijiko tu vinasikika, mama ananipimia samaki wa kukaanga ambaye baba alimnunua soko la Feri. Nikasema, “Nikianguka nitainuka. Hilo nimelizoea. Ila nyinyi mkininyamazia hivi, mimi nakaa na nani?” Baba akasema ni kwa ajili ya mtihani. Nikamwambia mtihani naufanya, lakini siyo kaburini. Mama aliweka kijiko chini. Akaondoka, nikadhani nimemkera. Akarudi, akakaa karibu yangu, akasema, bila kunitazama, “Siku ile ya maabara, Siwema. Nisamehe.” Nikamwambia yameisha. Hayakuwa yameisha, lakini yalianza kuisha pale, na bega langu halikusogea tena.

Baada ya hapo walijaribu. Baba akaanza kumrushia Mzee Maganga neno mojamoja. Mzee Maganga hakujibu. Alisema hawezi, kila akifungua mdomo anauona mwili wangu ukienda chini pale kwa daktari.

Mtihani ulikuja na mvua za vuli. Nililala ofisi ya matroni kwenye jamvi, kanga usoni, na yeye mwenyewe, aliyekuwa akinipa vikopo, alikaa mlangoni kuwazuia watu. Nikaamka, nikanawa, nikaingia. Kwenye karatasi ya Kiswahili usingizi ulinikuta katikati ya insha. Msimamizi, mwalimu wa kiume kutoka shule nyingine, aligonga dawati langu kwa kidole kama walivyoelewana. Nikatazama nilichokuwa nimeandika. Barua kwa mhariri wa gazeti ilianza vizuri, halafu nikamwomba mhariri anikaangie maini. Nikauma shavu nisicheke. Nikafuta mistari yote, nikaandika upya, mkono unakimbia, mvua inapiga bati, na nikamaliza. Karatasi zote nilizimaliza. Nyingine vibaya, lakini nilizimaliza.

Halafu kungoja. Sijui kungoja. Nilihesabu vifungo, nilipanga majora kwa rangi, nikayapangua, nikawa natembea mpaka Msimbazi na kurudi bila sababu. Jua la kiangazi lilikuwa kali, watu wote wamelala baada ya chakula, mimi peke yangu niko macho, na ningeweza kucheka kwa hilo kama ningeruhusiwa.

Matokeo yalitoka tukiwa dukani. Baba alikuwa na simu, mtandao unazunguka tu, mama kaja na chakula na akakataa kuondoka. Mzee Maganga alikuwa amesimama mlangoni pake ameshika ufunguo ambao hajauchonga. Baba akavaa miwani, akavua, akanipa simu mimi. Nikatafuta namba yangu. Daraja la tatu. Siyo la kupigiwa makofi mstarini. Lakini linavusha, linanipeleka kidato cha tano.

Nilisema, “Nimevuka,” na nikaenda chini.

Safari hii ilikuwa ndefu. Nililala sakafuni kati ya majora, shavu kwenye saruji, kila kitu kimelegea, na ndani yangu furaha inapanda na kila inavyopanda ndivyo mwili unavyozidi kukataa. Nilisikia viti vinaburutwa. Wateja waliokuwa dukani walipiga kelele, mmoja akasema aitwe bajaji, mwingine akasema amwagiwe maji, baba anababaika anasema mwinueni, mwinueni. Kisha nikasikia kanga ya mama karibu na sikio langu. Alikuwa anakaa chini, pale pale kwenye vumbi, mbele za watu. Akakiinua kichwa changu akakiweka mapajani pake.

“Msimwinue,” akasema. “Anafurahi. Mwacheni amalize.”

Kisha kutoka mlangoni nikasikia sauti ya Mzee Maganga, inatetemeka kidogo, ikimwambia baba kwamba tangu aje mjini hajaona Mzaramo akifurahi bila kupiga ngoma, huyu ni wa kwanza. Nikabaki chini pale muda mrefu zaidi.